Jeneza Lililopiga Kura

Marehemu ndiye aliyenifungulia mlango.

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, shika haya machache twende. Mimi ni Elinipa Msuya, mpelelezi wa kujitegemea, ofisi yangu iko Maili Moja, Kibaha, juu ya duka la mabati. Kazi yangu ya kila siku ni kufuata waume za watu. Safari hii nilikuwa nafuata kura.

Kura zenyewe ni za Mtaa wa Mabanzini, Kongowe, ambako Maulidi Sengo alitangazwa mwenyekiti baada ya jeneza kuingizwa kwenye chumba cha kupigia kura. Ndiyo, jeneza. Kijana mmoja wa kambi yake, anaitwa Godbless, alifiwa na baba siku ileile ya uchaguzi. Akasema baba alikuwa amekuja kwake kutibiwa, na kabla ya kusafirishwa kwenda kuzikwa Kisarawe lazima jeneza lipite ofisi ya mtaa, lichukuliwe kibali na liombewe. Ofisi ya mtaa ndiyo iliyokuwa kituo cha kura. Mawakala wakatoka nje kwa heshima, wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa, sanduku la kura lilikuwa limeshiba.

Mwalimu Laurensia, mgombea aliyeshindwa, akaniajiri nitafute ukweli. Nami nikaenda Kibuta, hukohuko Kisarawe, kutafuta kaburi la huyo mzee. Nikabisha hodi kwenye nyumba ya wafiwa, na aliyefungua ni mtu ambaye sura yake ilikuwa ndani ya simu yangu na ya kila mtu Mabanzini, imezungushiwa maua, na chini yake maneno: Pumzika kwa amani, Baba Yona.

Alikuwa hajapumzika. Alikuwa na kisu mkono mmoja na muhogo uliomenywa nusu mkono wa pili.

"Shikamoo," nikasema. Mtu akikuzidi umri unamwamkia tu, mengine mtayajua baadaye.

"Marahaba, binti. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Elinipa, natokea Kibaha. Samahani, wewe ndiye Mzee Yona, baba yake Godbless?"

"Ndimi."

"Una pacha?"

"Sina. Kwani kuna nini?"

Kabla ya kazi hii nilikuwa nakagua madai ya bima Dar es Salaam. Huko nilikutana na marehemu wengi walio hai, lakini wote walikuwa wanajua kwamba wamekufa. Huyu alikuwa hana habari.

Nikampa simu. Akaishika mbali na macho kama watu wanaosubiri miwani wanavyofanya, akatabasamu.

"Picha hii nilipigwa kanisani, siku ya mavuno. Suti hii ninayo. Hapa chini kumeandikwaje?"

Mkewe, Mama Yosefina, alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Akasoma begani kwa mumewe, taratibu, kwa sauti. Alipofika mwisho akarudia tena, kama mtu anayehisi labda amekosea kusoma.

"Hii imetoka wapi?" akaniuliza.

"Kwa Godbless."

Akavuta kigoda akakaa.

"Kwa hiyo mie ni mjane," akasema. "Na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kunipa pole."

Nikawasimulia yote. Jeneza, mlango uliofungwa, mawakala walioinamisha vichwa. Nilitegemea mzee apandishe sauti. Hakupandisha. Alimaliza kumenya muhogo wake, akautumbukiza kwenye maji, akanawa mikono.

"Watu walilia?"

"Walilia, mzee. Kuna mama mmoja alianguka akamwagiwa maji."

"Walitoa rambirambi?"

"Walitoa."

Akatema mate pembeni. Nimewaona wanaume wengi wakitema mate, wengi kwa mazoea. Huyu alitema kama aliyeonja kitu kilichooza.

"Kina mama wanaouza vitumbua barabarani," akasema. "Wamefungua vibindo vyao kunizika, nami niko hapa namenya muhogo. Hiyo gari yako inarudi Kibaha?"

"Inarudi."

"Nipeleke. Nataka wanione."

Mama Yosefina alikwisha kuingia ndani. Akatoka na suti ya kijivu, akaipiga vumbi kwa kiganja.

"Vaa hii ya kwenye picha," akamwambia mumewe. "Wakikuona na shati jingine watasema ni mtu mwingine, huwajui watu wa siasa."

Nikatamani nimwajiri palepale.

Tulitokea Kisarawe mjini, tukakata njia ya vumbi kwenda Kiluvya. Mzee alikaa wima, mikono magotini, suti imefungwa vifungo vyote kwenye joto lile. Nikamuuliza habari za mwanawe.

"Huyo tusimzungumze mpaka nimtie machoni," akasema. "Nambie hicho cheo. Uenyekiti wa mtaa una nini cha kumfanya mtu amzike baba yake mzima?"

"Una muhuri."

"Muhuri tu?"

"Mabanzini kuna uwanja umetengwa kwa ajili ya zahanati. Wanawake wa mtaa ule wanajifungulia kwenye bajaji wakikimbizwa barabara kuu. Mwenye muhuri akiamua, uwanja ule unakatwa vipande, kila kipande kinapigwa muhuri, kinauzwa. Mwalimu Laurensia aligombea ili uwanja usiguswe."

Mzee akatazama mikorosho inayopita dirishani.

"Kwa hiyo mie nimekufa ili watu wakose dawa."

Nikaongeza mwendo.

Tulifika Mabanzini jua bado kali. Niliegesha mbele ya karakana ya Hilario, fundi seremala, pale ambapo mtaa mzima unapita kwenda kisimani. Mzee akafungua mlango, akashuka, akanyoosha koti lake.

Wa kwanza kumwona alikuwa mwanamke mwenye ndoo kichwani. Hakupiga kelele. Aliitua ndoo polepole, akairudisha mikono kifuani, akabaki vilevile. Nyuma yake vijana wa bodaboda wakazima pikipiki moja baada ya nyingine. Kulikuwa kimya kiasi cha kusikia mafuta yakichemka kwenye karai la Eugenia.

Eugenia ni muuza vitumbua, na ndiye aliyeanguka msibani. Akaacha karai, akamsogelea mzee mpaka akamgusa mkono wa koti, akaubonyeza, kama anavyobonyeza papai sokoni.

"Mzee," akasema, "mimi nilikulilia mpaka nikaanguka."

"Nimeambiwa, mwanangu. Ahsante. Pole kwa usumbufu."

"Na Mama Godbless, naye yu hai?"

"Yu hai. Ana hasira, lakini yu hai."

Watu wakaanza kusogea. Mmoja akaanza kusema, "Kwa hiyo lile jeneza..." akaishia hapo. Niliwaona jinsi maneno yalivyokuwa yanapita kutoka uso mmoja kwenda mwingine bila mtu kuyatamka. Walisimama foleni tangu asubuhi siku ile, wengine na watoto mgongoni. Na sanduku lilipokuwa linajazwa ndani, wao wenyewe walikuwa nje wameinamisha vichwa.

Mtu mmoja tu hakusogea. Hilario alisimama kwenye mlango wa karakana yake, randa mkononi, anamtazama mzee kuanzia kichwani hadi kiunoni, kama anayempima. Akafungua mdomo. Halafu akaangalia juu ya bega langu, akaufunga, akarudi kwenye mbao zake.

Nikageuka kuona alichokiona. Mbele ya geti la Mwalimu Laurensia lilikuwa limeegeshwa gari jeusi la Maulidi Sengo.

Wazo langu la kwanza lilikuwa jema: mama wa watu ametishwa, niwahi. Tukaingia mimi na mzee bila kubisha.

Hakuna aliyekuwa anatishwa. Mheshimiwa Maulidi alikuwa amejilaza kwenye kochi la mwalimu, viatu amevua, anachokonoa meno. Mezani palikuwa na mifupa ya kuku. Mwalimu Laurensia alikuwa anamimina soda kwenye glasi, ya pili, ya kwake tayari imeisha nusu.

"Elinipa, karibu," akasema. "Umekuja wakati mzuri. Nilikuwa nikupigie. Tumeyamaliza."

"Mmeyamaliza yapi, Mwalimu?"

"Yote. Mambo ya mahakama ni kuchoshana. Tumekaa kama watu wazima, tumeelewana. Mimi nitaongoza kamati ya ardhi ya mtaa. Na kuna viwanja nimepangiwa, pale..." Akasita kidogo. "Pale kwenye lile eneo."

"Eneo la zahanati?"

"Eneo la wazi," Maulidi akarekebisha kutoka kwenye kochi. "Siku hizi tunaliita eneo la wazi, dada."

Juzi tu mwanamke huyu alikaa ofisini kwangu akalia kwa ajili ya wajawazito wa Mabanzini. Nilimpa kitambaa changu cha mkononi. Bado hajakirudisha.

"Mheshimiwa," nikasema, "nikutambulishe mgeni, ingawa mnajuana. Huyu ni Mzee Yona wa Kibuta. Ulisoma risala kwenye msiba wake. Nimeambiwa ilikuwa nzuri, hasa pale uliposema utamkumbuka daima."

Kijiti cha meno kikasimama. Nikahesabu kwamba sasa atatoka jasho, au atakimbilia viatu vyake. Msomaji, usimdharau mtu aliyekwishaiba kura hadharani. Maulidi aliinuka, akaweka mkono kifuani, akainama kwa adabu.

"Mungu ni mkubwa," akasema. "Kumbe madaktari walikosea. Shikamoo, mzee wangu. Nafurahi kukuona una afya."

Mzee hakuitikia. Kwa mtu wa umri ule kuinyima shikamoo jibu, ujue kuna jambo limekatika.

Maulidi akaingiza mkono mfukoni, ukatoka na noti zilizokunjwa.

"Ya nauli, mzee. Na ya sukari ya mama."

"Mkono huo urudishe mfukoni," Mzee Yona akasema. "Ndio ulionifukia."

"Mzee, siasa ni mchezo. Wewe hukuumia, mimi sikuumia. Hakuna mtu aliyeumia."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Godbless ana kazi zake. Kijana mchapakazi yule, umelea vizuri."

Mzee akafumba macho. Nikamgeukia mwajiri wangu, maana huyu mwingine nilikwisha kumwelewa, na ukishamwelewa mtu wa namna ile unataka tu kunawa.

"Mwalimu, ulipokuwa shuleni ulifundisha somo gani?"

"Uraia," akajibu, bila hata kupepesa. "Elinipa, usinihukumu. Nimegombea mara tatu. Nimeuza shamba la Dutumi nikagombea. Hawa watu unaowaona huko nje, nikianguka hakuna atakayeniinua. Sasa nimeinuka kidogo, unanitazama hivyo. Kazi yako naisitisha leo. Mrudishe mzee wa watu kwao kabla hajapata shinikizo la damu."

"Wale watu huko nje wamemwona. Wanajua."

"Watajua leo," Maulidi akasema, akirudi kwenye kochi. "Kesho nitawapelekea mchele. Keshokutwa nitasema yule alikuwa mdogo wake marehemu, wamefanana. Ukitaka kubishana na mchele, dada, karibu."

Nina akiba nzuri ya matusi ya Kipare, niliyorithi kwa bibi yangu upande wa mama. Niliyapitia yote kichwani, nikaona yote ni madogo. Nikachukua glasi ya soda aliyoimimina mwalimu, nikaimwaga kwenye sahani ya mifupa, nikamshika mzee mkono tukatoka.

Nje, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye karakana, lakini wamekaa mbali na gari jeusi. Mzee alitembea taratibu. Koti lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Binti yangu," akasema, "yule mama ulikuwa unamfanyia kazi?"

"Nilikuwa."

"Pole."

Hiyo ndiyo pole ya kwanza niliyopewa tangu kesi hii ianze, na nimepewa na marehemu.

Tulipofika kwenye gari, Hilario alikuwa amesimama upande wa dereva. Alikuwa ameacha randa. Vumbi la mbao lilikuwa limemganda kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Dada Elinipa, mimi ndiye niliyeunda lile jeneza," akasema kwa sauti ya chini. "Na nililibeba. Nimeunda majeneza mengi, najua likiwa na mtu linakuwaje. Asubuhi ile tulipoliingiza ofisini lilikuwa jepesi. Godbless akatuambia baba yake aliugua sana, alikwisha konda."

Mzee Yona akajitazama tumbo.

"Lilikuwa na karatasi za kura," nikamwambia Hilario. "Hilo tunalijua."

"Sawa. Zikatolewa zikatiwa kwenye sanduku. Kwa hiyo wakati wa kutoka lilitakiwa kuwa jepesi zaidi, au sivyo?"

"Ndivyo."

"Wakati wa kutoka tulishindwa kuliinua, dada. Walewale tuliolibeba kuingia. Ilibidi tuite watu watusaidie mpaka kwenye pikapu."

Mpaka dakika ile nilidhani nachunguza wizi.

"Mlango ulipofungwa, ndani alibaki nani?"

"Maulidi. Godbless. Na Firdausi."

"Firdausi ni nani?"

"Binti aliyekuwa msimamizi wa kituo. Mpangaji wangu, amepanga chumba cha uani. Mtu wa msimamo yule, asingekubali uchafu ule ufanyike mbele yake. Matokeo hakuyasoma yeye, alisoma mtu mwingine. Tukaambiwa amepata dharura, ameondoka kwenda kwao Handeni." Hilario akajifuta vumbi kwenye nyusi. "Mama yake ananipigia simu kutoka hukohuko Handeni, ananiuliza mwanangu mbona hapokei. Nguo alizofua asubuhi ile, mke wangu ndiye aliyezianua."

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Mwenyekiti?"

Nilikuwa nimetoa simu nimpigie afande mmoja wa pale Kibaha niliyemwamini, niliposikia kishindo. Mzee Yona alikuwa ameegemea boneti la gari kwa mikono miwili. Uso wake, ambao ulikaa salama aliposomewa habari za kifo chake mwenyewe, ulikuwa umebadilika rangi.

"Siku hiyo ya uchaguzi," akasema, "jioni, Godbless alikuja Kibuta."

"Na pikapu?"

"Na pikapu. Akasema ameleta mbegu za muhogo za kisasa, anataka kunipandia mwenyewe. Nilifurahi, binti. Toka udogo wake hajapata kushika jembe kwa hiari. Nikamwambia mama yake, ona, mtoto amekua. Akanikataza nisiende kumsaidia, nipumzike tu. Alilima kule mikoroshoni hadi jua likazama. Aliporudi akasema, 'Baba, upande ule usichimbe, nimetia dawa kali, itakudhuru.'"

Hilario akauliza, kwa upole, kama mtu anayeogopa jibu, "Na huo muhogo, mzee? Umeota?"

"Hakuna kilichoota."

Simu ya mzee ikaita ndani ya mfuko wa koti. Nikamsaidia kuitoa, nikaibonyeza isikike kwa sote. Sauti ya Mama Yosefina ilitoka ikiwa na hasira ileile tuliyoiacha Kibuta.

"Baba Godbless, umefika? Huyo mwanao unayemtafuta huko, yuko hapa. Nimemuuliza kwa nini amenifanya mjane, hakunijibu. Nimemwambia umekwenda Kongowe na mama mpelelezi, wala maji hakunywa. Amechukua jembe na gunia, ameelekea mikoroshoni. Ngoja nimfuate, leo atanieleza."